Mahali Mke wa Fundi Alipopaita Kwangu

Suruali yangu ya kijivu ndiyo iliyotukutanisha. Ilikuwa imeliwa pindo zote mbili, na nilipoipeleka kwa fundi hakuitazama kiunoni wala magotini. Aliigeuza juu chini, akakung'utia vumbi la pindoni kiganjani mwake, akalichunguza kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele.

"Suruali hii inatembea sana," akasema. "Unafanya kazi gani, mzee mwenzangu?"

"Nilikuwa mpaka rangi nyumba. Siku hizi sina kazi, natembea tu."

"Unakwenda wapi?"

"Popote."

"Na huko popote, umewahi kukuta ukuta wa joto?"

Nikadhani ananitania. Mtu anayetembea bila safari huzoea kutaniwa. Watu wakikuona unapita mara ya tatu huuliza kama umepoteza mbuzi. Lakini fundi alikuwa ameacha kukanyaga cherehani, mkono mmoja ameushika kwenye gurudumu ili lisizunguke, ananingoja.

"Ukuta ambao una joto hata jua likishapoa," akasema. "Mke wangu alikuwa akiutaja. Sikumuuliza uko wapi. Sasa hayupo wa kumuuliza."

Hivyo ndivyo nilivyomjua Nusu Inchi. Jina la kwao nililijua baadaye, lakini hata siku ya msiba watu walisema mke wa Nusu Inchi amefariki, kwa hiyo nami nitamwita hivyohivyo. Alipewa jina hilo kwa sababu kila nguo aliyoshona aliacha nusu inchi ya kitambaa ndani ya mshono, hata mteja akigomba kwamba kitambaa chake kinamezwa. "Mwili ni mgeni," alikuwa akiwajibu. "Leo umekuja peke yake, kesho utakuja na tumbo." Na ni kweli walirudi, wanawake kwa wanaume, akawafungulia mshono na kuwapanulia bila kuwacheka. Alicheka wakishatoka.

Ufundi alifundishwa na mjomba wake. Akiwa na miaka minne aliugua homa iliyomwacha na mguu wa kushoto mwembamba kama mpini wa jembe, na wazazi wakaona kwamba mtoto huyu atafutiwe kazi ya kukaa. "Wenzangu walipelekwa shule kwa miguu," aliniambia, "mimi nikapelekwa kwenye kiti." Alianza na cherehani ya kuzungusha kwa mkono, kisha akajifunza ya kukanyaga kwa mguu mmoja, na huo mguu mmoja ukanenepa kwa kazi ya miwili. Hadi nilipomjua, akiwa na miaka sitini na tisa, hakuwa mtu wa kwenda mahali. Watu ndio waliomwendea. Mji mzima aliujua kwa viuno na mabega yake. Njia zake hakuzijua.

Mkewe alikuja kwanza kama mteja, kufupisha gauni. Akabaki. Yeye ndiye aliyemalizia nguo kwa mkono: vifungo, matundu ya vifungo, pindo. Miaka thelathini na minane walikaa chumba kimoja, fundi mbele, dirishani, mkewe nyuma yake kwenye kiti kifupi, kwa hiyo fundi alimjua mkewe kwa masikio zaidi kuliko kwa macho. Alijua anavyokata uzi kwa meno. Alijua anavyoguna akikuta fundi ameshona mshono uliopinda na hataki kusema.

Kila siku saa kumi na moja jioni mke alivua kastabini kidoleni, akaiweka dirishani, akasema, "Ngoja nikanyooshe miguu." Fundi alimwona kupitia dirisha akitoka na kushika upande wa kulia mpaka anapotea kwenye nguzo ya umeme. Baada ya saa moja hivi alisikia maji yakimwagwa uani. Ameingia kwa mlango wa nyuma, ananawa miguu. Kisha hukaa tena na sindano yake na kusimulia alikopita.

Mahali pote alipapa majina yake mwenyewe. Ukuta wa Joto. Kona ya Upepo Mwizi. Ngazi za Kuhema. Bomba la Mluzi. Mtaa wa Mapazia, ambako alisema kuna nyumba saba na hakuna pazia hata moja lililopindwa sawasawa, na kwamba anatamani kubisha hodi awapindie bure ili naye alale. Fundi alikuwa akikanyaga cherehani huku anasikiliza, na cherehani, kama ujuavyo, huyala maneno. Alisikia moja, likamezwa moja. Na kila siku mke alimalizia vilevile: "Mwisho nikapitia kwangu, nikarudi."

Kwangu. Mke wa mtu, ana nyumba, ana kiti, ana kitanda, anasema amepitia kwake.

"Nilikuwa sisikii," Nusu Inchi aliniambia. "Yaani niliyasikia maneno, lakini sikuyasikia. Tulipomzika, nikarudi hapa, cherehani imefunikwa kitambaa, kimya. Hapo ndipo yakaanza kuja. Mwisho nikapitia kwangu. Kwake wapi? Kwake si hapa?"

Laiti angebaki na swali hilo moyoni. Lakini alimwambia jirani yake, mshona viatu, na mshona viatu ni mtu ambaye mdomo wake hauna kisigino.

"Haa! Nusu Inchi," akasema, "basi kuna mwenzako huko aliyekuwa akila hiyo nusu nyingine!"

Utani tu. Hata mwenyewe aliusahau jioni ileile. Lakini mwiba haujui kwamba ulichoma kwa bahati mbaya. Nusu Inchi alinirudia maneno hayo siku ya kwanza kabisa, tena akajaribu kucheka, na kicheko kikakwama njiani.

"Sitaki kumgombeza," akasema. "Nataka tu kupaona. Miaka yote hiyo alikuwa ananitoka saa moja kila siku. Nataka kujua saa ile ilikuwa wapi."

Nikamwambia ukuta wa joto naujua.

Ni ukuta wa nyuma wa kiwanda kidogo cha mikate. Tanuri limeegemea pale kwa ndani, nami siku za baridi nilikuwa napita nikiegemeza mgongo wangu wa mpaka rangi, ambao umebeba ngazi miaka mingi. Kesho yake saa kumi na moja fundi alifunga cherehani, akachukua fimbo, tukashika kulia. Hatua mia mbili na kumi. Ilituchukua muda mrefu kama safari. Alipofika aliuwekea ukuta kiganja, kisha kiganja cha pili, kisha shavu. Watu walipita wakitutazama. Mimi nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

"Kumbe hakuwa akitia chumvi," akasema.

Tangu siku hiyo tukawa tunatoka karibu kila jioni. Nami niseme kweli: nilikuwa naishi kwa mpwa wangu, chumba cha nyuma, nyumba ya watu wema lakini wenye shughuli, na haijapata kutokea mtu akaniuliza niliona nini huko nilikotoka. Nusu Inchi aliuliza. Aliuliza hata niliyoyaona kabla ya kumjua. Tulitafuta kwa namna yake, siyo yangu. Mimi hutembea nikitazama juu, kwenye kuta, rangi imebabuka wapi. Yeye alisimama kila pembe, akafumba macho, akajiuliza: mwenzangu angepaitaje hapa? Kona ya Upepo Mwizi tuliijua kofia yangu iliponitoka kichwani. Bomba la Mluzi lilikuwa bomba la maji lililopasuka kiunganishoni. Lilipiga mluzi wa sauti moja, kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo. Ngazi za Kuhema zilimshinda fundi kupanda. Alikaa ngazi ya kwanza, akanituma juu nikamsimulie. Nikahema kwa niaba yake.

Na kila tuliporudi alichora. Alitandika karatasi ya kaki juu ya meza ya kukatia, ileile anayochorea vipande vya nguo kabla ya kugusa kitambaa cha mteja. Inchi moja ikawa hatua mia, tena alihesabu hatua mbilimbili, kwa sababu hatua ya mguu mzima na hatua ya mguu mwembamba hazikuwa sawa. Alichora kwa chaki, kisha akapitisha juu yake kile kigurudumu cha meno kinachotoboa alama. Mahali alipoamini mkewe alitembea polepole aliweka matundu ya karibukaribu. Alipoamini aliharakisha, ya mbalimbali. Palipokuwa na kelele alichora mshono wa kupindapinda. Na kila mahali tulipopahakikisha alishona kifungo. Ukuta wa Joto ulipata kifungo chekundu cha koti. Hakuna serikali ambayo ingeikubali ramani ile, lakini mimi niliyepita mitaa hiyo miaka kumi niliiona humo kama unavyoiona sura ya ndugu yako kwa mtoto wake.

Huko alikokuita Kwangu tu ndiko hakukuonekana. Kwa kuwa mke alikutaja mwisho, tulikuweka mwisho, mbali kuliko kote, ng'ambo ya Bomba la Mluzi. Kila wiki tukasogea mbele zaidi. Tulichungulia nyua za watu. Tulisimama mbele ya kinyozi mmoja mtanashati wa makamo, Nusu Inchi akamtazama muda mrefu mpaka yule bwana akauliza kama tunataka kunyolewa, na Nusu Inchi, kwa aibu, akanyolewa. Akatoka kichwa kinang'aa. "Siye," akasema. "Huyu vifungo vya shati lake vimeshonwa na mlevi. Mwenzangu asingevumilia."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Binti yake alikuja siku moja kumtembelea. Ni mwalimu wa watoto wadogo, na anazungumza na kila mtu kama mtu huyo amekaa sakafuni. Akaiona karatasi ukutani na vifungo vyake.

"Baba, hii nini?"

"Alikopita mama yako."

"Vifungo vyote hivi?"

"Kimebaki kimoja."

Akamweleza. Binti akakaa kwenye kile kiti kifupi cha mama yake. Niliona fundi akishtuka kidogo, maana hakuna aliyekikalia tangu msiba.

"Na ukipata, Baba, ukakuta usichokipenda?"

"Nitakuwa nimekipata."

"Kwa nini usimwache mama na siri yake moja? Alikuwa na nini kingine cha kwake peke yake?"

"Nilimwacha nayo miaka thelathini na minane," fundi akasema taratibu. "Unafikiri nilimheshimu? Nilikuwa nashona kola."

Binti akainuka kitini. Alipoondoka alinivuta pembeni, akaniambia, "Baba mdogo, akianguka huko barabarani nitakuuliza wewe." Nikaitika. Moyoni nilifurahi kuitwa baba mdogo.

Hakuanguka, lakini goti la mguu mzima lilivimba. Mguu uliofanya kazi ya miwili ukadai mapumziko. Akalazimika kukaa, na kukaa, ambako alikuzoea maisha yake yote, sasa kukamshinda. Siku ya tatu nilipoingia nilimkuta ameshaishusha karatasi ukutani, ameikata katikati kwa mkasi. Nikapiga kelele.

"Tulia," akasema. "Nilikuwa nachora kwenye karatasi iliyokunjwa. Alama zilitoboa hadi upande wa chini. Nimekukatia nusu yako. Nenda wewe, mimi nitakufuata hapa kwenye yangu kwa kidole. Ukirudi niambie kila kitu."

Aligeuza ile nusu ya chini, akapitisha chaki juu ya matundu, kama afanyavyo kwa vipande viwili vya mbele vya shati, akanikabidhi. Haikuwa na majina wala vifungo. Mlango wa duka chini, matundu, na pembe za kukata. Nilisoma mpaka darasa la nne, na darasa hilo lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo mtu akinipa karatasi huiheshimu. Nikatoka mlangoni, nikaitazama. Karatasi ikasema kushoto.

Nikasita. Njia yetu ni kulia. Lakini nikajiambia, fundi hakosei vipimo. Bila shaka amefikiri, ameona tujaribu upande mwingine, na hakutaka maneno mengi. Nikashika kushoto.

Sijui nikuelezeeje matembezi yale. Mji nilioujua ulikuwa kama rafiki aliyevaa shati ndani nje. Karatasi iliniambia kata kona, na kona ilikuwepo, lakini haikuwa yenyewe. Nilipita nyuma ya maduka, ambako hakuna anayetembea kwa hiari, palipotupwa maboksi na palipo na madirisha ya jikoni. Nikahesabu hatua. Mia mbili na kumi zilipotimia, mahali ambapo kwenye nusu ya fundi pana kifungo chekundu, nilikuwa mbele ya tangi la maji la zege, na chini yake kitalu cha miche, mistari na mistari ya makopo yenye majani machanga. Nami kwa ujinga wangu wa utii nikanyoosha mkono, nikaligusa tangi kama lina joto. Lilikuwa baridi kama uso wa samaki.

"Mzee," sauti ikasema, "unalipima homa?"

Alikuwa mama mmoja mnene, kopo la kumwagilia mkononi, kanga kiunoni. Muuza miche. Nikamwonyesha karatasi, nikamwambia nimeelekezwa. Akaipokea, akaifuta chaki kwa kidole gumba, akakinusa kidole.

"Hii ni ya fundi cherehani."

"Unamjua fundi?"

"Fundi simjui. Namjua mkewe. Hajaniambia kwamba ni mke wa fundi, lakini alikuwa anakuja na vipande vya uzi vimemganda kwenye gauni, kila siku rangi nyingine. Leo mweupe, nikajua wanashona mashati ya shule. Leo mweusi, nikajua kuna aliyefiwa." Akacheka. "Mbona haji siku hizi? Inapata mwaka. Nikasema labda nimemuudhi."

Nikamwambia.

Hakulia. Aliinama akaendelea kumwagilia, mche uleule mmoja, maji yakajaa kopo, yakafurika, yakamlowesha miguu, naye anamwagilia tu. Baadaye akaninyooshea kidole. Kati ya tangi na ukuta palikuwa na kifuniko cha zege cha mtaro, kimeinuka kidogo kama benchi, na mbele yake udongo uliolowa maji yanayovuja tangini.

"Hapo ndipo kwake," akasema. "Mwenyewe ndivyo alivyopaita. Akija anasema, jirani, nimekuja kwangu. Nami namjibu, karibu kwako."

Kutoka pale, kwa kichochoro cha nyuma, mpaka ua wa Nusu Inchi, nilihesabu hatua tisini na sita. Tulikuwa tumetafuta ng'ambo ya mji miezi saba. Mke hakurudi kwa njia aliyoendea. Alizunguka. Mwisho wa safari yake ulikuwa nyuma ya kichwa cha mumewe, na mumewe ametazama dirishani.

Sikuingia dukani mara moja. Nilizunguka mtaa mara mbili, na sitaficha sababu: nilijua kwamba nikifungua mdomo jioni zetu zimekwisha. Mtu mzima kama mimi. Lakini nikamfikiria amekaa, kidole kimesimama kwenye karatasi, ananifuata mahali nisipokuwapo.

Nilipoingia nikaiweka nusu yangu kando ya nusu yake, mezani. Aliziangalia. Akaelewa kabla yangu.

"Nimekupa upande wa kushoto," akasema. "Lo! Miaka hamsini. Mkono huu haujui kuchora kitu kizima. Unachora nusu, na nusu ya pili unaileta kinyume, maana binadamu ndivyo alivyo, kushoto kwake na kulia kwake vinatazamana. Nikausahau mji kwamba si shati!" Akacheka mpaka akashika goti. Kisha akaniona uso, kicheko kikakatika. "Umepaona."

"Nimepaona."

"Kuna nani?"

"Mama mmoja muuza miche."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna mwingine, ndugu yangu. Hapajawahi kuwa na mwingine."

Alishusha pumzi, na nilidhani nitaona furaha. Niliona kitu kingine. Ni kama alikuwa amejiandaa kupigana na mtu mwaka mzima, na mtu huyo hakuja, na sasa ngumi hajui aiweke wapi.

Tulikwenda kesho yake, kwa mlango wa nyuma, goti limefungwa kitambaa. Muuza miche alimpokea kwa mikono miwili, akampa pole, akasogeza makopo. Nusu Inchi alisimama mbele ya kile kifuniko cha zege. Palikuwa padogo. Mtu mmoja anaenea, wawili hawaenei.

"Alikuwa akifanya nini hapa?" akauliza.

"Anavua viatu, anaweka miguu hapo kwenye udongo wenye maji. Basi."

"Anasema nini?"

"Hasemi. Mimi ndiye msemaji." Muuza miche akafikiri. "Siku moja nilimtania, nikamwambia, we mama, nyumbani kwako hakuna viti? Akasema, vipo, tena vizuri, lakini vyote vinanijua."

Fundi akarudia polepole: "Vyote vinanijua."

"Hakusema kwa ubaya, mzee."

"Najua. Hakuwa na ubaya." Akakitazama kile kichochoro. "Hatua tisini na sita. Hakuniambia twende."

"Angekuambia, ungekuja?"

Ningekuwa mimi ningejitetea kwa mguu. Alikuwa na haki ya kujitetea kwa mguu. Aliutazama kweli, ule mguu mwembamba, kisha akautoa kwenye hesabu.

"Ningemwambia nina kola ya kumalizia," akasema.

Akakaa. Akavua viatu, kimoja kimoja, na mara ya kwanza nikauona mguu wake wa kushoto ukiwa wazi, mweupe kwa kukosa jua, vidole vimejikunja kama vya mtoto. Akaiweka miguu yote miwili kwenye udongo. Muuza miche akageuka kushughulika na majani yasiyo na shida. Mimi nikahesabu makopo. Tulingoja labda robo saa. Maji yakadondoka, likapita gari, mtu akapiga chafya jikoni kwa watu.

"Unasikia nini?" nikamuuliza hatimaye.

"Baridi miguuni." Akatikisa kichwa. "Nilidhani nitamkuta. Nilidhani nikikaa alipokaa nitamsikia, kama nilivyokuwa namsikia nyuma yangu. Hayupo hapa. Hapa alikuja kukaa bila mimi, na nikikaa ninaharibu." Akanitazama, na macho yake yalikuwa na maji lakini sauti ilikuwa shwari. "Hapa si pa kutafutwa na mume. Nisaidie kuinuka."

Nikamsaidia. Alipanguza miguu kwa leso, akavaa viatu, akakipapasa kile kifuniko mara moja kwa kiganja, kama anavyolainisha nguo kabla ya kumkabidhi mwenyewe.

Tulipofika mlango wa nyuma akashika kitasa, akasimama.

"Kesho usinipitie, mzee mwenzangu."

"Goti?"

"Goti linapoa. Nataka kutoka peke yangu."

"Utakwenda wapi?"

"Sijui. Nina miaka sitini na tisa, sina mahali ambapo kiti hakinijui. Nataka nikatafute." Akanishika bega, mkono wa fundi, mwepesi, kama unapima. "Usinichukulie vibaya. Wewe ndiye uliyenifundisha mji. Lakini tukienda wawili tutampata yeye tu, kila pembe. Mimi na wewe tumezoea kumtafuta."

Nikamwambia hakuna ubaya, kwamba hata mimi nina mambo yangu. Mambo gani? Sikuwa na jambo hata moja.

Kesho yake nilikaa kwa mpwa wangu mpaka nikaona ninawazibia njia watu wa nyumba. Saa kumi na moja ilinikuta mtaani kwa fundi. Sikuwa nimekusudia, miguu ina mazoea. Mlango wa duka ulikuwa umefungwa. Miaka yote wanayomkumbuka pale, hakuna aliyewahi kuuona umefungwa saa ile.

Mshona viatu aliinua kichwa, misumari midogo midomoni. Akaitoa kwanza.

"Ametoka sasa hivi," akasema. "Nimemuuliza unaenda wapi, akasema ngoja nikanyooshe miguu. Miguu gani, mtu mwenyewe ana mmoja! Ameshika njia ile ya chini. Ukiharakisha utamkuta, hana mbio yule."

Njia ya chini naijua. Ina kuta za zamani ambazo mimi mwenyewe nilizipaka rangi ya maziwa nikiwa kijana, na pembeni kuna mteremko mzuri ambao ningependa kumwonyesha, kwa sababu mtu mwenye fimbo anauhitaji mkono wa mtu pale. Nilimwona mbali, mgongo wake na fimbo, anapiga hatua zake mbilimbili, kisha anasimama, anageuza uso huku na huku kama mgeni.

"Si umwite!" mshona viatu akasema.

"Mwache," nikasema.

Nikasubiri mpaka alipopita mteremko. Aliupita salama. Kisha nikapandisha juu, upande ambao hatukuwahi kwenda naye, nikitembea taratibu, na kila nilipoona kitu kizuri niligeuka kumwambia.